Gertrude Elion: dawa moja ilivyozaa nyingine

Mjamzito akifika kliniki Tanzania, au sehemu za Kenya zenye malaria nyingi, miezi mitatu ya kwanza ikiwa imepita, hupewa vidonge vitatu vya SP (sulfadoksini na pirimethamini), dawa ya kukinga malaria, na kikombe cha maji, na nesi husubiri mpaka avimeze mbele yake. Aliyeishi na VVU tangu miaka ile ya mwanzo anaijua Septrini kuliko anavyojua dawa nyingine yoyote. Mwenye mkanda wa jeshi huandikiwa asaiklovia. Mwenye gauti hatembei bila alopurinoli. Dawa hizi nne hazitibu ugonjwa mmoja, ila zote zina asili katika maabara moja ya kampuni ya Burroughs Wellcome, iliyoanzia Tuckahoe, mji mdogo kaskazini mwa jiji la New York. Na katika makala nyingi za mitandaoni zote huwekwa chini ya jina moja: Gertrude Elion, mtaalamu wa biokemia na famakolojia, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1988.

Hapo ndipo mambo yanapochanganywa. SP na Septrini si kazi ya mikono yake. Alopurinoli ilitafutwa kwa ajili ya saratani, siyo gauti. Asaiklovia iliundwa na timu, na aliyechora umbo lake alikuwa mtu mwingine. Ukianza kumnyang'anya hivi dawa moja moja, unaweza kudhani kwamba mama huyu amesifiwa kupita kiasi. Sivyo. Tatizo ni ile orodha yenyewe. Orodha ya dawa haioneshi alichokuwa akifanya, yaani kuifuata dawa ndani ya mwili hatua kwa hatua, kuona inageuzwa kuwa nini na inatoka vipi, kisha kulitumia jibu hilo kutafuta dawa inayofuata.

Alizaliwa New York tarehe 23 Januari 1918. Baba yake alikuwa daktari wa meno aliyehamia Marekani kutoka Lithuania akiwa bado mtoto, na mama yake alitoka sehemu ya himaya ya Urusi ambayo leo iko Poland. Soko la hisa lilipoporomoka mwaka 1929 mali ya baba ikaenda nayo. Kwa bahati Hunter College, chuo cha wanawake cha jiji lile, hakikuwa kikitoza ada. Alipokuwa na miaka 15, babu yake aliyempenda sana alifariki kwa saratani ya tumbo, na mwaka huohuo, 1933, akaingia chuoni na kuchagua kemia. Mwenyewe alieleza mara nyingi baadaye kwamba kifo kile ndicho kilichomwelekeza.

Alimaliza mwaka 1937, umri miaka 19, kwa daraja la juu kabisa. Kisha milango ikafungwa. Aliomba nafasi za ufadhili zipatazo 15 ili aendelee na masomo. Hakupata hata moja. Kazi za maabara zilikuwa chache na walioajiriwa walikuwa wanaume. Katika usaili mmoja aliambiwa waziwazi kwamba sifa anazo, ila mwanamke maabarani atawavuruga akili wenzake. Akajaribu chuo cha ukatibu muhtasi, akafundisha wauguzi biokemia kwa miezi mitatu, akafanya kazi kwa mkemia mmoja bila mshahara ili tu asipoteze mkono wa maabara. Aliweka akiba senti zake mpaka akaingia New York University, ambako katika darasa lake la uzamili la kemia alikuwa mwanamke peke yake. Mchana alifundisha sekondari, usiku na mwisho wa wiki akafanya utafiti. Shahada ya uzamili akaipata mwaka 1941.

Mwaka huohuo mchumba wake, Leonard Canter, alifariki kwa maambukizi ya bakteria kwenye moyo. Penisilini ilikuwa bado haijafika kwa wagonjwa wa kawaida. Ingekuwa miaka michache baadaye, pengine angepona. Elion hakuolewa maishani.

Kilichomfungulia maabara ni vita. Wanaume walikwenda jeshini na viwanda vikakosa wakemia. Kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa kwenye kampuni ya maduka ya vyakula ya A&P, akipima ukali wa achari ya matango na kuangalia rangi ya kiini cha yai kinachoingia kwenye mayonezi. Alipoona hana jipya la kujifunza, akaondoka. Mwaka 1944 baba yake aliona jina la Burroughs Wellcome kwenye sampuli ya dawa ya maumivu iliyoletwa kliniki kwake, akamwambia binti yake apige simu aulize kama wana maabara. Walikuwa nayo, na ndani yake alikuwamo George Hitchings, aliyemwajiri kama msaidizi wake.

Sasa tuje kwenye wazo lenyewe, maana bila hilo maisha ya Elion hayaeleweki.

Miaka ile dawa nyingi zilipatikana kwa kubahatisha: unatengeneza kemikali mamia, unampa panya, unangoja uone. Hitchings alikuwa na mpango mwingine. Kila seli ikitaka kugawanyika lazima kwanza inakili DNA yake, na DNA haitengenezwi bila malighafi za aina mbili: purini na pirimidini. Bakteria, vimelea vya malaria na seli za saratani hugawanyika kwa kasi kuliko seli zetu nyingi, hivyo huhitaji malighafi hizo kwa wingi. Je, ukivipa kitu kinachofanana na purini lakini si purini? Mfano wake ni kile kijiwe cheupe kwenye mchele: kina ukubwa wa punje na rangi ya punje, jicho linakipita, kinapikwa na kupakuliwa pamoja na wali, na unakigundua pale jino linapokigonga.

Wazo halikutoka hewani. Mwaka 1940 Waingereza Donald Woods na Paul Fildes walikuwa wameonesha kwamba dawa za salfa huwazuia bakteria kukua kwa namna hiyohiyo, kwa kufanana na kirutubisho ambacho bakteria anakihitaji. Lakini kwenye DNA palikuwa giza. Elion alipoanza kazi hakuna aliyejua DNA ina umbo gani. Watson na Crick walilitangaza mwaka 1953. Hata njia ambazo seli hutumia kutengeneza purini zilikuwa hazijachorwa. Hitchings aligawa kazi: wengine wakapewa pirimidini, Elion akapewa purini.

Kwa hiyo zile za pirimidini, yaani pirimethamini iliyomo kwenye SP na trimethoprimu iliyomo kwenye Septrini, zilitoka upande wa pili wa maabara, kwa Hitchings na wenzake. Upande wa salfa wa vidonge hivyo una historia yake nyingine. Pirimethamini na trimethoprimu huzuia kimeng'enya (enzaimu) kimoja kinachoitwa DHFR, ambacho huandaa folati, vitamini ya jamii ya foliki asidi, ili seli iweze kuunda malighafi za DNA. Sisi tunacho kimeng'enya hicho, bakteria wanacho, na vimelea vya malaria wanacho, ila maumbo yanatofautiana kidogo. Trimethoprimu hukinasa cha bakteria kwa nguvu makumi ya maelfu ya mara kuliko cha binadamu. Ndiyo maana Septrini inaweza kumezwa kila siku kwa miaka bila kumwangusha mtu.

Anayefahamu hilo ataelewa pia maagizo ya kliniki ambayo huwachosha akina mama. Mjamzito anayetumia Septrini kila siku hapewi SP, kwa sababu zote zinagonga njia ileile na salfa ingekuwa mara mbili. Vidonge vikubwa vya foliki asidi vya miligramu 5 havitakiwi kuandamana na SP, maana ni kama kumpelekea kimelea chakula kilekile ambacho dawa imemnyima; kile kidogo cha miligramu 0.4 hakina shida. Na usugu ulipokuja ulikuja hapohapo: vimelea vilibadili kiungo kimoja cha DHFR, kisha kingine, mpaka pirimethamini ikawa haishiki vizuri. Kenya iliifanya SP kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, Tanzania mwaka 2001, na kufikia 2006 Tanzania ilikuwa tayari inahamia dawa ya mseto. SP ikabaki kwa wajawazito kama kinga.

Turudi kwenye purini, eneo la Elion.

Mwaka 1948 alikuwa na kemikali iitwayo diaminopurini. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya damu katika taasisi ya Sloan-Kettering mjini New York. Mwanamke mmoja kijana alipata nafuu ya ajabu. Aliishi miaka miwili bila ugonjwa, akaolewa, akazaa. Kisha saratani ikarudi ikamuua. Kwa wengine dawa ilikuwa kali mno, kutapika hakuishi. Mtu mwingine angeifunga faili. Elion akauliza: imefanya nini hasa ndani ya seli? Jibu la swali lile lingemrudia miaka 20 baadaye, tutaliona.

Kufikia 1951 walikuwa wamejaribu purini zaidi ya 100. Miongoni mwake mlikuwa na moja ambayo Elion aliitengeneza kwa kuondoa oksijeni mahali pamoja na kuweka salfa, yaani elementi yenyewe, siyo zile dawa za salfa. Hiyo ndiyo 6-mekaptopurini. Wakati ule mtoto mwenye saratani kali ya damu aliishi miezi mitatu au minne tangu kugundulika. Kwa mekaptopurini nusu yao walifika mwaka, na wachache wakapita miaka. Serikali ya Marekani iliiruhusu mwaka 1953, kwa haraka isiyo ya kawaida. Haikuwaponya, na Elion hakuficha hilo. Wagonjwa wengi walipata nafuu kisha wakarudi chini. Tiba iliyokuja baadaye ni mchanganyiko wa dawa kadhaa kwa miaka miwili na zaidi, na pale inapopatikana kikamilifu watoto wengi hupona kabisa. Mekaptopurini bado imo ndani ya mchanganyiko huo, kidonge cha kumeza nyumbani kila siku.

Hapa ndipo ninapoona kipaji chake hasa. Dawa ilikuwa imeshaingia sokoni, kampuni imefurahi, magazeti yameandika. Yeye akatia alama ya mionzi kwenye ile salfa na kuifuatilia katika miili ya wagonjwa. Akakuta mambo mawili. Kwanza, mekaptopurini yenyewe haifanyi kitu. Seli lazima iigeuze ndipo inapokuwa sumu. Pili, sehemu kubwa yake huharibiwa na kimeng'enya kiitwacho zanthini oksidesi na kutoka kwenye mkojo kabla haijafanya kazi.

Kutokana na jambo la pili akajiuliza: je, tukikizuia hicho kimeng'enya? Wakachukua kemikali iliyofanana sana na chakula cha kawaida cha kimeng'enya kile, naitrojeni na kaboni zikiwa zimebadilishana nafasi tu. Ndiyo alopurinoli. Ilizuia kweli, na mekaptopurini ikawa na nguvu zaidi, ila madhara nayo yakapanda kwa kiwango kilekile, kwa hiyo hapakuwa na faida. Kumbe zanthini oksidesi hiyohiyo ndiyo inayotengeneza asidi ya yuriki mwilini. Wayne Rundles, daktari wa Duke University, na wenzake wakaona asidi ya yuriki ya wagonjwa ikishuka. Gauti ni fuwele za asidi hiyo zikijikusanya kwenye viungo, kile kidole gumba cha mguu kinachovimba usiku hata shuka likikigusa mtu anapiga kelele, na kesho yake nyama choma na bia ndizo zinazolaumiwa. Alopurinoli ikaruhusiwa kwa gauti mwaka 1966. Elion akaifuata nayo pia: akaona mwili unaigeuza kuwa oksipurinoli, inayokaa muda mrefu na kuendelea kuzuia. Ndiyo maana kidonge kimoja kwa siku kinawatosha wengi.

Ule ugunduzi una upande wa hatari ambao wafamasia hawautanii. Mgonjwa anayetumia mekaptopurini, au azathiopurini iliyotokana nayo na ambayo hupewa waliopandikizwa figo, akiandikiwa alopurinoli bila kupunguziwa dozi, dawa ya kwanza hukosa pa kutokea, hujaa mwilini na kuangusha uboho. Chembe za damu zinashuka mpaka anaweza kufa. Kama una ndugu aliyepandikizwa figo na sasa kidole kinamuuma, mwambie amtajie daktari dawa zake zote kabla ya kupokea karatasi ya duka la dawa.

Azathiopurini ilitoka kwenye swali jingine. Mwaka 1958 Robert Schwartz na William Dameshek, huko Boston, walionesha kwamba sungura waliopewa mekaptopurini hawatengenezi kingamwili. Dawa ya saratani ilikuwa inazima kinga. Daktari mpasuaji kijana wa Uingereza, Roy Calne, akaijaribu kwa mbwa waliopandikizwa figo, na figo zikadumu. Akiwa njiani kwenda Boston alipita Tuckahoe, akaondoka na kemikali nyingine ambazo Elion alikuwa amezitengeneza, mekaptopurini iliyofunikwa ili isivunjwe mapema. Moja yake ikawa azathiopurini. Mwaka 1962 Joseph Murray alipandikiza figo ya marehemu asiye na undugu na mgonjwa, na kwa dawa hiyo mgonjwa akaishi zaidi ya mwaka. Kabla ya hapo upandikizaji uliofaulu kwa uhakika ulikuwa wa pacha kwa pacha. Siku hizi dawa mpya zimechukua nafasi ya mbele, lakini Muhimbili ilipoanza kupandikiza figo mwaka 2017 ilikuwa inapita njia iliyofunguliwa wakati ule.

Mwaka 1968 Elion alisikia kwamba purini moja iliyounganishwa na sukari ya aina fulani inadhoofisha virusi. Akakumbuka diaminopurini ya 1948: ilikuwa imeonesha dalili ya kuvigusa virusi, wakaiacha kwa ukali wake. Akaiunganisha na sukari hiyo, akaituma kwa wenzake wa Wellcome Uingereza waipime. Ikafanya kazi. Mwaka 1970 maabara ikahamia North Carolina, na hapo Howard Schaeffer akaleta wazo la kuikata ile sukari, pete yake ifunguke ibaki mkia. Ndivyo ilivyopatikana asaiklovia. Kemia ya umbo ni ya Schaeffer. Kazi ya Elion na idara yake ilikuwa kueleza kwa nini inafanya maajabu.

Na yalikuwa maajabu kweli. Asaiklovia ikiingia kwenye seli isiyo na virusi hukaa tu, haina kazi. Virusi vya jamii ya hapesi, vile vya malengelenge ya mdomoni na sehemu za siri, vya tetekuwanga na mkanda wa jeshi, huja na kimeng'enya chao cha kuandaa malighafi. Kimeng'enya hicho huibandika asaiklovia fosfeti ya kwanza, jambo ambalo vimeng'enya vyetu karibu haviliwezi. Baada ya hapo seli huongeza mbili nyingine, dawa huingia kwenye DNA mpya ya virusi, na kwa kuwa mkia wake hauna pa kuunganishia kinachofuata, mnyororo unakatikia pale. Kwa maneno mengine, virusi vyenyewe ndivyo vinavyoiwasha dawa. Kabla ya 1978, ilipotangazwa, wataalamu wengi waliamini haiwezekani kuua virusi bila kuumiza seli inayovihifadhi.

Kuhusu shahada. Baada ya kuajiriwa Elion alijiandikisha uzamivu Brooklyn Polytechnic, akisafiri jioni baada ya kazi, mwendo mrefu wa treni kwenda na kurudi. Baada ya miaka miwili mkuu wa kitivo akamwambia achague: asome muda wote au aache. Akaacha. Kwa hiyo aliongoza idara ya tiba ya majaribio kuanzia 1967 hadi kustaafu 1983, akapata hataza 45, akapata Nobel pamoja na Hitchings na Mskoti James Black, yote bila udaktari wa kusomea. Digrii za heshima zilikuja baadaye kwa wingi, mojawapo kutoka chuo kilekile cha Brooklyn. Sioni haja ya kuligeuza hili kuwa hadithi ya kuwaambia vijana waache shule. Alikaa maabara moja chini ya mtu aliyemwachia kila swali alilotaka kulifuata, hata likimtoa kwenye kemia na kumpeleka kwenye virusi. Nafasi ya namna hiyo ni adimu kuliko uzamivu.

Tarehe 17 Oktoba 1988 asubuhi mapema mwandishi wa habari alimpigia simu ya pongezi akiwa ananawa uso; akadhani ni utani. Mwaka 1991 alikuwa mwanamke wa kwanza kuingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa wavumbuzi wa Marekani. Alifariki Chapel Hill, North Carolina, tarehe 21 Februari 1999.

Bado liko dai moja linalorudiwa sana, kwamba aligundua dawa za UKIMWI. AZT, iliyoruhusiwa mwaka 1987, ilitengenezwa kwanza na Jerome Horwitz miaka ya 60 kama dawa ya saratani. Walioiibua upya dhidi ya VVU walikuwa watafiti wa taasisi ya saratani ya Marekani pamoja na watu wa idara aliyoiongoza Elion, yeye akiwa amekwisha kustaafu. Mwenyewe alikataa kupewa sifa ile, akasema alichofanya ni kuwafundisha njia ya kazi. Na tenofova, iliyomo kwenye kidonge kimoja cha ARV kinachomezwa leo na wengi kuanzia Mombasa hadi Bujumbura, ni ya Antonín Holý wa Prague na Erik De Clercq wa Ubelgiji. Hata hivyo itazame: ni purini, na mahali pa pete ya sukari pana mkia ulio wazi, kama asaiklovia. VVU havina kile kimeng'enya cha hapesi cha kubandika fosfeti ya kwanza, kwa hiyo tenofova huja na kitu kinachoshika nafasi yake kikiwa kimeshafungwa kwenye mkia.